Namba Moja ya Marehemu

Mama yangu alikuwa anachambua omena, dagaa wa ziwa letu, aliposikia redioni kwamba amekufa. Ilikuwa Jumamosi, baada ya taarifa ya habari ya saa saba, na mimi nilikuwa nimekaa naye kwenye veranda ya nyumba yake Nyamasaria, nikitoa mawe kwenye mchele. Mtangazaji akashusha sauti, akasema wimbo unaofuata umeimbwa na marehemu, Mungu ailaze roho yake mahali pema, aliyetutoka wiki hii na kuzikwa nyumbani kwake. Kisha gitaa likaanza, na sauti ya mama yangu, ya alipokuwa msichana, ikatoka kwenye ile redio yake ya betri.

Mama hakuacha kuchambua. Aliokota omena aliyevunjika kichwa, akamtupia kuku, akasema, "Huyo mtoto hata hajaniuliza."

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Niliinuka, mchele ukamwagika, nikaanza kutafuta viatu vyangu huku nikimtukana mtangazaji na wote waliomwajiri. Nilitaka kwenda mjini saa hiyo hiyo, niingie studio, nimshike kola. Mtu anawezaje kumtangazia mama wa watu kifo bila kupiga hodi mlangoni?

"Kaa chini," Mama akasema. "Wimbo haujaisha."

Lazima nieleze alivyofika redioni, kwa sababu Nyamasaria nzima hakuna aliyejua. Kwa majirani alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mama wa kanisa, mwenye kuku wakorofi wanaovuka ua. Lakini miaka ya hamsini, kabla hajaolewa, alipanda treni hadi Nairobi pamoja na kijana mmoja wa Kendu Bay aliyepiga gitaa, wakaingia katika chumba kilichotundikwa magunia ukutani ili kelele za barabarani zisiingie, wakarekodi wimbo mmoja. Waliuimba kwa Kiswahili maana sahani ya santuri kwa Kijaluo isingeuzwa Mwanza wala Kampala. Ni wimbo wa msichana aliyesimama gatini Kisumu, mpenzi wake anaondoka na meli, naye anamwambia nenda salama, mimi narudi nyumbani kusuka nywele. Basi. Hakuna machozi ndani yake hata tone, na ndiyo maana watu waliupenda.

Na waliupenda kweli. Mama hakuwa akijigamba bure, nilikuja kulisikia jambo hilo kwa wazee wengi waliokuwa wateja wangu. Kila hoteli ya chai yenye santuri ilikuwa na sahani ile. Wakati huo redio haikuhesabu nyimbo. Kulikuwa na duka moja la Muhindi mjini Kisumu lililouza sahani, na nje ya duka ukawekwa ubao, na kila Jumatatu karani aliandika kwa chaki nyimbo zilizouzwa zaidi, kutoka ya kwanza kwenda chini. Watu walitoka hata Mamboleo kwa miguu kuja kusoma ubao ule. Wimbo wa mama ulipanda mpaka namba mbili, ukakwama hapo msimu mzima. Juu yake kulikuwa na wimbo wa bwana mmoja aliyeimba habari za baiskeli yake mpya. Baiskeli! Mama alipokwenda dukani kuuliza kwa nini hapandi, karani alimtazama kichwani hadi miguuni akasema, "Wewe ni mwanamke. Namba mbili si haba."

Si haba. Maneno hayo mama yangu aliyatamka maisha yake yote kama mtu anayetema mbegu ya ndimu. Ukimletea sukari nusu kilo badala ya kilo, alikuambia, "Si haba, eti?" Akaolewa, akazaa sita, akashika jembe na mambo ya kanisa. Hakuna aliyemkataza kuimba. Nafasi tu haikupatikana tena. Baba alikuwa mtu mpole ambaye hakupenda santuri, na mama hakumwekea hata mara moja.

Mimi ndiye niliyerithi ugonjwa wa muziki. Miaka hiyo ya themanini nilikuwa na kibanda pale Kondele, nikiuza sahani za zamani na kurekodia watu kaseti, na pia niliuza kadi za salamu. Aliyekuwa mtu mzima wakati huo anazijua kadi hizo. Ulinunua kadi, ukaandika wimbo unaoutaka, kisha ukawataja wote unaowasalimu, kuanzia bibi yako na mashemeji mpaka fundi wako wa viatu, na mwisho ukajipa cheo: Simba wa Mamboleo, Tajiri Asiye na Ng'ombe, Mzee wa Suti Moja. Watu walijipakaza sifa redioni wiki nzima. Na Jumamosi, katika kipindi cha nyimbo za kale, mtangazaji alihesabu kadi na kupanga nyimbo kumi, kutoka ya kumi hadi ya kwanza. Wimbo wenye kadi nyingi ndio ulioshinda.

Wimbo wa mama uliingia wenyewe. Siku moja tukausikia namba kumi, wametuma wazee fulani wa huko Bondo walioukumbuka. Mama hakusema kitu, ila kesho yake alinituma betri mpya. Wiki iliyofuata ukawa namba tisa. Halafu ndipo akafa.

Alikufa kwa sababu ya desturi yetu. Kwetu mwanamke akitoka kwao, kwa ndoa au kwa safari, huitwa kwa mahali alikozaliwa. Nyar, maana yake binti wa, kisha jina la kwao. Wanawake wote waliotoka sehemu ile ni jina moja hilo hilo, wawe mia, wawe elfu. Na juu ya ile sahani hawakuandika jina la mama la ubatizo, waliandika hilo tu. Wiki ile alifariki mwanamke mwingine kutoka kwao, mwimbaji wa kwaya, tangazo la kifo likasomwa redioni kwa jina hilo pamoja na sifa zake za uimbaji, na mtangazaji wetu, mtoto wa Kijaluo anayejua mambo haya tangu kunyonya, akaamua kwamba ndiye yule wa sahani. Mtu wa pwani ningemsamehe kosa hilo. Sisi wenyewe tunawapa wanawake jina moja, halafu tunashangaa wakichanganyika kaburini.

Basi siku ile wimbo ulipoisha, nikavaa viatu. Mama akaniuliza nakwenda wapi.

"Kuwaambia uko hai!"

"Hilo nalijua. Wao watalitumia kufanya nini?"

"Mama, wamekuita marehemu mbele ya nchi nzima."

"Na nchi nzima imefanya nini?" Akainua kichwa, na nikaona macho yake yanacheka. "Wewe ngoja Jumamosi ijayo. Watu wetu unawajua. Mtu akiwa hai, kikombe cha chai hapewi. Akifa wanachinja ng'ombe. Wacha wachinje kidogo."

Jumamosi iliyofuata wimbo ulikuwa namba tano.

Nikamwambia huo ni uongo, na yeye ni mama wa kanisa. Akanijibu kwamba yeye hajafungua mdomo, amekaa kwake, na Lazaro alikaa kaburini siku nne bila kulaumiwa na mtu. "Nimeungoja ubao ule tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Sasa wananipandisha, wewe unataka nikimbie kwenda kuwaambia wanishushe? Nikishika namba moja nitafufuka mwenyewe, nawe utanipikia samaki."

Nilikasirika, lakini nikamwelewa. Kila mtu ana kitu kimoja ambacho alinyimwa akiwa kijana na ambacho hakijatoka rohoni. Cha mama kilikuwa kile kipande cha juu cha ubao.

Pale Kondele ndipo nilipoteseka. Watu walikuja kununua kaseti ya marehemu huku wakinipa pole kwa niaba ya muziki wa nchi. Mama mmoja mnene alilia juu ya meza yangu mpaka kadi zikalowa, akasema wimbo ule ulipigwa kwenye arusi yake. Huyo nilimhurumia, nusura nimwambie ukweli. Lakini siku nyingine akaja bwana mmoja mwenye koti la sufu, akanieleza mbele ya wateja kwamba alihudhuria mazishi, na yeye ndiye aliyeshika kamba ya jeneza.

"Alikuwa mwanamke mrefu," akasema. "Mrefu, mweupe."

Mama yangu hafiki begani mwangu, na ni mweusi tititi.

"Mzee," nikamwambia, "wewe ulimzika nani?"

"Ungeniona nilivyolia!"

"Yawa! Chukua kaseti yako uende ukalie nyumbani. Hapa tunafanya biashara."

Watu wakanishangaa. Walisema msichana huyu hana heshima kwa wafu. Kazi ya kumficha mtu aliye hai ni ngumu kuliko ya kuzika, nakuambia.

Wimbo ukapanda tena, kisha ukapanda tena, mpaka siku tuliposikia namba mbili. Mama alikuwa amesimama. Aliposikia hiyo mbili alipiga kofi mezani. "Mbili tena!" Kisha mtangazaji akaweka namba moja, nayo ilikuwa, haki ya Mungu, ile baiskeli. Yule bwana wa baiskeli alikuwa amekufa zamani, tena alikufa kweli. Mama akacheka hadi akashika mbavu. "Sasa tuko sawa," akasema. "Marehemu kwa marehemu. Wiki ijayo nampita." Sijawahi kumwona akiwa na furaha kama siku ile, na hasira zangu zote zikaisha, nikacheka naye.

Katikati ya wiki hiyo akaja mzee kibandani kwangu. Alikuwa mwembamba, koti lilimpwaya, na alibeba kitu kilichofungwa kwa shuka. Alikuwa amenyoa kichwa chote, kinang'aa. Hakuangalia kaseti. Aliniangalia mimi.

"Wewe ni binti yake," akasema. "Hilo paji la uso ni lake. Nimetoka Kendu Bay. Nipeleke nyumbani kwake nikamlilie."

Nikajua ni yule wa gitaa. Mama alikuwa akimtaja mara chache, kwa heshima, kama mtu anavyomtaja ndugu aliyehamia mbali. Nikafunga kibanda. "Mzee," nikaanza, "kuna jambo lazima nikuambie kwanza."

Akainua mkono. "Msiba hauelezwi njiani."

Nilijaribu tena tulipokaribia. Nikamwambia wazi, "Mzee, mama yuko nyumbani." Akasema anajua, kwetu watu huzikwa nyumbani. Nikaona basi, liwe liwalo, mama ajieleze mwenyewe.

Tulipofika langoni alifungua shuka, akalishika gitaa kwa shingo, na akaingia uani mbio, jinsi wanaume wetu wanavyoingia kwenye boma lenye msiba. Alikuwa akilia kwa sauti kubwa kwa Kijaluo, akimwita mama kwa majina yote ya ujana wake: mchezaji asiyechoka, koo la dhahabu, msichana aliyewanyamazisha wanaume wa Nairobi. Kuku wakatawanyika. Majirani wakaja kutoka pande zote, wanawake wameshika vichwa tayari kupiga nduru, maana kilio cha namna ile hakina maana nyingine.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, unga umemshika hadi kwenye viwiko.

Yule mzee alisimama ghafla hata akapepesuka. Jirani mmoja akauliza, "Nani amekufa hapa?"

"Hakuna," Mama akasema. "Rudini mkapike."

Hawakurudi mbali. Waliishia kwenye ua, wakajifanya wanafukuza kuku. Nami nikamletea mzee kiti na chai, naye chai hakuigusa. Mama akakaa mkabala naye, akajaribu kucheka.

"Umezeeka," akamwambia.

"Nimekulilia tangu ile Jumamosi ya kwanza," akasema mzee. "Nimenyoa nywele. Hizi nywele sasa nizirudishe vipi?"

Mama akamweleza. Alimweleza yote, ubao wa Muhindi, si haba, baiskeli, na jinsi alivyobakiza hatua moja tu. Alieleza vizuri, kwa madaha, kama alivyonieleza mimi, akitegemea atamchekesha. Mzee hakucheka.

"Unajua kadi zako zinatoka wapi?" akauliza. "Ufukweni kwetu mimi ndiye ninayewaandikia. Wavuvi wanakuja, wanawake wa samaki wanakuja, kila mtu anasema niandikie na mimi nitoe rambirambi. Wengine hawajawahi kuusikia huo wimbo. Wanakuzika."

"Hata hivyo ni kadi."

"Ni mchanga. Kila moja ni konzi ya mchanga wanayokutupia, nawe umelala chini unahesabu."

Mzee akaliweka gitaa pajani, akakaza waya moja, akapiga ule mwanzo. Ulikuwa ule ule wa kwenye sahani, bila kosa, katika uwanja wa kuku wa Nyamasaria. Akafika mahali ambapo sauti inapaswa kuingia, akangoja, kisha akarudia.

"Imba," akasema.

Midomo ya mama ilifunguka. Akautazama ua, kule majirani walikosimama na masikio yao. Angetoa sauti moja tu, wangeijua ni ile ya redioni, na Jumamosi isingefika kabla ya habari kuzagaa mpaka Kondele. Akafunga mdomo.

"Nitaimba nikishika namba moja," akasema.

"Utaimba vipi? Marehemu haimbi."

Akafunga gitaa lake kwenye shuka. Mama akamwomba akae ale, ugali uko tayari. Mzee akasimama, akamwambia kwa adabu kabisa, "Mimi nimeshakuzika, na huwa sifukui." Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikimwomba radhi njia nzima, naye akatembea mbele yangu, gitaa begani. Niliporudi, ugali ulikuwa umeungua, na mama alikuwa bado amekaa pale pale anakitazama kikombe cha chai kilichopoa.

Siku zilizofuata alifanya kazi zake bila kuiwasha redio. Mimi niliogopa kumuuliza, na mimi si mwoga. Jumamosi asubuhi nilimkuta amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani.

"Nipeleke kwa yule mtoto," akasema.

Mtangazaji alikuwa kijana mdogo kuliko sauti yake, mwembamba, shati limechomekwa vizuri. Alimpa mama kiti kwa heshima zote akamuuliza kama ameleta tangazo la kifo.

"Nimekuja kufuta moja," Mama akasema.

Akamweleza yeye ni nani. Kijana akatabasamu vile vijana wanavyowatabasamia mama wazee, akasema pole sana, marehemu alikuwa na ndugu wengi. Nilikuwa nimeshajiandaa kumrukia, lakini Mama akasimama. Aliweka mkono mmoja juu ya meza, akaimba. Bila gitaa, bila kitu. Sauti ilikuwa imeshuka chini na kukwaruza kidogo, lakini alikata maneno pale pale alipoyakata akiwa msichana, na kabla ya ubeti wa pili akatoa kile kicheko kidogo ambacho kila mtu aliyemiliki sahani ile anakijua. Kijana akatafuta kiti chake kwa mkono bila kutazama, akakaa.

"Mama," akasema, "mimi nimekuua."

"Umeniua. Sasa nifufue."

Ndipo akatuambia. Alishamaliza kuhesabu kadi za wiki hiyo, na wimbo wa mama ulikuwa wa kwanza.

"Wa kwanza?" Mama akauliza. "Juu ya baiskeli?"

"Juu ya baiskeli. Tena mbali sana."

Nilimwona mama yangu akitamani. Nimewaona watu wakitamani chakula, nimewaona wakitamani mtoto, lakini uso ule sitausahau. Kijana naye hakuwa mjinga. Akasema kwa upole kwamba wanaweza kusoma matokeo leo kama yalivyo, mama ashike nafasi yake, kisha wiki ijayo yeye mwenyewe ataomba radhi polepole na kueleza kosa. Hakuna atakayeumia. Na mimi niliyepiga kelele za ukweli tangu siku ya kwanza, nikajisikia nikisema, "Mama, kubali. Kubali tu." Nilitaka aipate. Nilitaka sana.

Mama akakaa tena. Akalainisha gauni lake magotini.

"Hapana," akasema. "Hiyo ni ya yule mwanamke wa kwaya. Yeye ndiye aliyekufa, na watoto wake hawakupata hata kadi moja ya pole, mimi nimezila zote. Leo soma namba moja, sema ni yake. Kisha unipe hicho chombo niseme."

Na alisema. Kijana aliomba radhi kwanza, sauti yake imekauka, akataja familia ya yule marehemu wa kweli na kuwapa pole. Halafu mama akasogea kwenye maikrofoni, karibu mno, akasema kwa sauti ya mtu anayeita watoto kula: "Mimi ndiye niliyeimba. Sijafa. Niko Nyamasaria, nachambua omena. Wewe uliyetuma kadi kwa ajili ya msiba, nakushukuru, lakini kadi yako imekwisha kazi. Kama wimbo unaupenda, niandikie upya mimi niliye hai. Kama huupendi, usiandike." Kijana akatangaza kwamba kadi zote za wimbo ule zitaanza kuhesabiwa upya.

Wiki ile Kondele walininunia. Kuna waliosema tumewachezea, kuna waliosema ni mkosi mkubwa mtu kuliliwa akiwa mzima, na bwana wa koti la sufu alishikilia kwamba yeye alimzika na huyu wa sasa ni tapeli. Niliuza kadi chache sana zenye wimbo wa mama. Sikumwambia. Yule mama mnene wa arusi alikuja, akanunua yake, akaandika pale pale mezani huku akitabasamu, akaniuliza namna ya kuandika neno Nyamasaria. Wengine walipita kama hawanioni.

Jumamosi ilipofika, veranda ilijaa. Majirani walikuja mmoja mmoja, huyu anaomba chumvi, yule anatafuta kuku wake, na wote wakabaki. Sasa walijua. Walimtazama mama kwa adabu mpya, nusu ya heshima na nusu ya woga, maana amerudi kutoka mbali. Yeye alikaa wima kwenye kiti chake, mikono pajani, hakuchambua kitu.

Namba kumi haikuwa yake. Tisa haikuwa. Mtangazaji alikuwa akisoma baadhi ya kadi kati ya nyimbo, na mimi nilisikiliza kwa makini kama kuna yoyote kutoka Kendu Bay. Nane. Saba. Nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji, nikaona sina. Mama alijua hesabu vizuri kuliko sisi sote. Kadi chache kama zile, zisipotosha namba kumi, haziwezi kutosha namba moja.

Mtangazaji akasema, "Namba sita," akataja lile jina la binti wa kwao, akaongeza, "ambaye yuko nasi." Akazisoma kadi zote, kwa kuwa hazikuwa nyingi. Yule mama wa arusi alikuwemo. Wazee wa Bondo walikuwemo. Kutoka ule ufukwe wa Kendu Bay haikuwemo hata moja, na niliona mama amelisikia hilo pia, maana aliinamisha kichwa kidogo kadi ya mwisho iliposomwa.

"Sita," akasema jirani mmoja kwa huruma. "Pole, Mama."

"Pole ya nini?" Mama akamgeukia. "Hao wote si wanajua napumua?"

"Wanajua."

"Basi nyamaza nisikie."

Gitaa likaanza, na yule msichana wa redioni akaingia na gati lake na meli yake. Mama aliusikiliza mstari wa kwanza. Kwenye wa pili akaingia, kwanza chini chini, halafu akasimama na sauti ikapanda, mbele ya ua mzima, na watu wakaanza kupiga makofi ya kufuatisha. Walikwenda pamoja hivyo, yeye na yule msichana, mmoja kwa sauti nyembamba na mwingine kwa sauti ya mkwaruzo, hadi mwisho wa ubeti wa pili. Hapo mama yangu akanyoosha mkono, akaizima redio, akamalizia wimbo mwenyewe.